Chupa Kumi na Nne

Sajini Mhoja alizihesabu chupa mara mbili, kwanza kutoka rafu ya juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kwa sababu mtu akihesabu upande mmoja tu macho humdanganya. Mara zote mbili alipata ishirini na tisa.

"Zilikuwa arobaini na tatu," alisema Daktari Pradip. "Jana jioni nilizipangusa vumbi mwenyewe."

"Basi zimekwenda kumi na nne."

"Kumi na nne, Sajini. Na meli ya Kisumu inatia nanga leo saa kumi."

Daktari alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, suruali nyeupe imenyooshwa kwa pasi mpaka mstari umesimama. Lakini asubuhi ile kiatu chake cha kulia kilikuwa na kamba na cha kushoto hakikuwa nayo, wala yeye hakujua. Zahanati ilikuwa yake mwenyewe, vyumba vitatu vya mawe na bati kwenye njia ya Kirumba. Tangu mwaka wa ishirini na saba hadi huu wa thelathini na nane alikuwa akifuatilia ugonjwa mmoja: doa jeusi linaloota kwenye wayo. Huanza dogo kama tone la wino, mwenyewe akidhani amechomwa na mwiba. Baadaye linavimba, linapasuka, linatoa maji meusi. Daktari aliliita saratani nyeusi. Kila mgonjwa aliyemkata alimwekea kipande kidogo cha donda lake kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuoza, na juu ya chupa akabandika namba. Jina hakuandika.

Sajini Mhoja alikuwa askari kanzu, asiyevaa sare, na kanzu yake ya kijivu ilikuwa na kiraka kwapani alichokishona mkewe kwa uzi wa rangi nyingine. Aliinama akaitazama kufuli. Haikuwa na mkwaruzo.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Kwenye msumari, nyuma ya kalenda."

"Nani anajua?"

"Mimi. Antoni, dresa wangu, anayefunga vidonda. Na Odeta anayefagia."

"Na mama wa nyumbani?"

"Mke wangu Daksha haingii chumba hiki. Anasema chupa zinamtazama."

Sajini alirudi kwenye rafu. Nafasi zilizo wazi hazikufuatana. Zilikuwa kama meno ya mzee, hapa lipo, pale halipo. Ya tatu imekwenda, ya nne ipo. Ya nane na ya tisa zimekwenda, ya kumi ipo.

"Mwizi mwenye haraka hukumba zilizo karibu na mkono," alisema. "Huyu alichagua. Niandikie namba zote zilizopotea. Halafu uniambie hizo chupa zina faida gani kwa mtu mwingine."

"Hazina. Zina faida kwangu tu, na kwa yule mama." Daktari alionyesha ukuta, ambako nyuma yake kulikuwa na chumba cha wagonjwa. "Amri ya Daktari Mkuu ni moja. Mwenye saratani nyeusi akatwe mguu kwenye goti. Ndivyo nilivyofanya kwa watu thelathini na tisa. Lakini wanne niliwakata donda peke yake nikauacha mguu, na wote wanne wako hai. Daktari Mkuu anakuja na meli ya leo. Nikimwonyesha chupa za wale wanne, ataruhusu mama huyu naye akatwe donda tu."

"Si una daftari?"

"Daftari bila chupa ni hadithi, Sajini. Atasema niliponya majipu. Na kasha lile," alisema, akionyesha kasha la mbao lililojaa majani makavu, "lilikuwa la kuzifungia. Zote zilikuwa ziende naye Ulaya, zikatazamwe na wakubwa wa kazi hii."

Katika chumba cha pili yule mama, Ng'washi, alikuwa ameketi kitandani, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa, ungo wa mbegu za maboga magotini, akizimenya moja moja na kuziweka kwenye kikombe. Alikuwa mkulima wa pamba kutoka Bujora, mwenye watoto wanne. Nje ya dirisha kaka yake alikuwa ameegesha mkokoteni wa ng'ombe.

"Mwangaluka, mayu," Sajini alimsalimu kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka. Wewe ndiye wa chupa?"

"Ndiye."

"Umezipata?"

"Bado."

"Basi fanya haraka. Ng'ombe wa kaka yangu wamechoka kusimama, na kaka mwenyewe amechoka kuliko wao."

"Zisipopatikana, mayu?"

"Nimeshamwambia daktari. Akikata donda, nakubali. Wakitaka mguu, napanda mkokoteni narudi Bujora. Shamba la pamba halipaliliwi kwa mguu mmoja."

"Na donda?"

"Nitakufa nalo nikiwa nimesimama."

Alisema hivyo bila kuinua macho, akaitupa mbegu iliyooza.

"Usiku hukusikia kitu?" Sajini aliuliza.

"Nilisikia mtu kwenye chumba cha chupa. Alikuwa anazungumza."

"Na nani?"

"Na nani tena? Peke yake. Kwa sauti ndogo, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa waliokaa. Samahani. Kimya. Samahani. Kimya. Nikadhani naota."

"Mara ngapi?"

"Baba wee, nilikuwa na homa. Sikuhesabu."

Uani Odeta alikuwa amejiinamia na ufagio wake wa njiti. Alikuwa mwanamke wa Kijita, mkavu, na hakungoja kuulizwa.

"Mimi sikuiba, na aliyeiba namjua. Nenda kwa Amirali dukani. Chupa za daktari zimepangwa pale mbele ya watu, vifuniko vilevile vya kioo, na ndani mna nyama. Nimeziona kwa macho haya mawili asubuhi nilipokwenda kununua chumvi."

Sajini alilichukua daftari la daktari kwapani akateremka mjini. Ilikuwa imetimia saa nne na nusu, na jua lilikuwa limeshayachoma majabali ya ufukweni mpaka ndege weupe wamehamia kivulini.

Chupa zilikuwapo kweli, sita, kwenye kaunta, vifuniko vya kioo, na ndani yake vipande vyekundu vikielea. Sajini alifungua moja akanusa. Akafumba macho, akapiga chafya mara tatu.

"Achari ya maembe," alisema Amirali, ambaye tumbo lake lilimtangulia kila alikokwenda. "Pilipili ameweka Shamsha, mke wangu. Nikukatie mkate?"

"Chupa hizi umezitoa wapi?"

"Chupa zangu. Kila mwaka naagiza kasha moja kutoka Mombasa. Nusu natia achari, nusu ananunua Daktari Pradip. Kila chupa ya daktari ni ndugu wa chupa yangu, baba mmoja mama mmoja. Ila nakuomba, Sajini, usiwaambie wateja yeye anatia nini."

"Wameshajua."

"Basi nimekwisha."

Sajini alijifuta machozi ya pilipili. Njia ile ilikuwa imefungwa. Alikuwa ameshashika daftari aondoke, akasimama mlangoni kwa desturi ya kazi akauliza, "Mtu yeyote wa zahanati amekuja kununua kitu wiki hii? Chochote."

"Daksha, sukari na iliki. Odeta, chumvi. Antoni..." Amirali alikuna shingo. "Antoni alinishangaza. Jumatatu alinunua bafta, yadi mbili. Haya, mtu ananunua bafta. Lakini akasema, Amirali, nichanie vipande, ukubwa wa leso. Nikamwambia, utaharibu nguo nzuri. Akasema chana tu. Nikachana."

"Vipande vingapi?"

"Kumi na vinne. Alivihesabu, akavikunja kimoja kimoja. Ni vya nini? Bandeji?"

Sajini alirudi ndani. Bafta nyeupe, nguo ya sanda, na haichanwi ukubwa wa leso ila kama maiti mwenyewe ni mdogo. Alikaa juu ya gunia la mchele, akafungua daftari, akaweka karatasi ya namba juu ya goti.

Daftari lilikuwa na mistari minyoofu. Namba, jina, kijiji, tarehe ya kukatwa, na mwisho kabisa hali ya mgonjwa. Sehemu hiyo ya mwisho ilijazwa mara moja kila mwaka, Antoni alipokwenda kwa baiskeli na mtumbwi, Busisi, Bujora, Nansio, kuwatazama waliokatwa kama bado wapo. Daktari hakuwahi kwenda. Nani angebaki na wagonjwa?

Sajini alitembeza kidole. Namba tatu, amekufa. Namba tano, amekufa. Namba nane, amekufa. Namba tisa, Kija wa Nansio, mzima, anatembea. Kidole kikasimama. Akaendelea. Alipomaliza, kati ya namba kumi na nne zilizopotea, kumi zilikuwa za watu waliokufa. Nne zilisema wazima. Ishirini na tisa zilizobaki kabatini, zote zilisema wazima.

Akarudi juu akasoma zile nne tena. Tisa, kumi na saba, ishirini na mbili, thelathini. Zote zilikuwa za waliokatwa donda wakaachiwa mguu.

"Mwizi alichagua maiti," alisema.

"Nani?" aliuliza Amirali.

"Sasa hawa wanne wazima wanatafuta nini kati ya maiti?"

Amirali alikata mkate, akaula mwenyewe.

Antoni alikuwa nyuma ya zahanati, akichemsha visu na koleo kwenye sufuria. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kushika kila kitu taratibu, hata kuni. Sajini alichuchumaa karibu naye, akaomba moto wa kuwashia sigara, na Antoni alipomnyooshea kijinga cha moto, Sajini aliiona mikono. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe na ngumu, ngozi imejikunja kama ya mtu aliyeshinda majini.

"Dawa ya chupa inababua," alisema Sajini.

"Nafua bandeji kila siku."

"Bandeji hufuliwa kwa sabuni. Antoni, nani alikufa hata ukanunua bafta?"

Antoni alikirudisha kijinga motoni. Maji yalichemka, visu vikagongana. Akavihamisha kimoja kimoja kwenye sahani, akafunika kwa kitambaa kisafi, akanawa.

"Nipeleke ulikowazika," alisema Sajini.

"Si mbali."

Walipanda nyuma ya zahanati, kati ya majabali mawili makubwa yaliyoegemeana. Pale kati ardhi ilikuwa laini. Palikuwa na vichuguu vya udongo kumi na vinne, kila kimoja kipana kama sahani, na juu ya kila kimoja jiwe jeupe la ziwani lenye ncha. Pembeni majani yalikuwa yameungua pale dawa ilipomwagwa. Na chini ya kivuli cha jabali, zimeoshwa, zimepinduliwa zikauke, zilikuwapo chupa kumi na nne na vifuniko vyake.

"Chupa ni mali ya daktari," alisema Antoni. "Nilikuwa nizirudishe."

"Na mawe haya yaliyoelekezwa huku?"

"Wa Nansio. Nimewaelekeza ziwani, kwao. Wa Busisi wanatazama kule." Alinyoosha kidole magharibi. "Sajini, mimi ndiye niliyekuwa naenda kwenye nyumba zao. Nikifika kwenye msiba naulizwa jambo moja. Mama yetu tumemzika amepungua. Kipande chake kiko wapi? Anakuja ndotoni anachechemea. Nikasema nitakileta. Kila nyumba nilisema nitakileta. Kisha Jumatatu nikaona kasha. Vinakwenda Ulaya. Nani atavifuata Ulaya?"

"Kumi nimeelewa. Niambie wale wanne."

Antoni aliketi juu ya jiwe.

"Wamekufa," alisema. "Wote wanne. Kija ndiye wa kwanza, mwaka wa thelathini na mbili. Mtoki ulimtokea kwenye kinena, ukawa kama yai, halafu akaanza kukohoa. Hakufika mavuno. Wengine ni hivyohivyo. Hakuna aliyepita miaka miwili."

"Daftari linasema anatembea."

"Nilifika kutoka Nansio siku ya sikukuu yao ya taa. Nyumba nzima ina vibatari, mama Daksha ananipa halua kwa mkono wake, watoto wana nguo mpya. Daktari akaja mbio hata viatu hana. Antoni, Kija vipi? Habari ya msiba haiingizwi kwenye nyumba yenye sherehe, Sajini, hata wewe umelelewa hivyo. Nikasema mzima. Nikasema moyoni, kesho nitamwambia. Kesho yake nikamkuta ameshaandika kwa wino. Ameshaandika na barua. Alikuwa anaimba."

"Na wa pili?"

"Kwa wa kwanza ndiko nilikopotelea. Miaka sita. Ningeanzia wapi?"

Sajini alivuta sigara mpaka ikamchoma.

"Zile nne ungeziacha, leo daktari angemwonyesha mkubwa wake."

"Na Ng'washi angekatwa donda tu, afe kama wao," alisema Antoni. "Kusema nimeshindwa. Kuiba nikaweza."

"Umeiba, na Ng'washi anapanda mkokoteni anarudi Bujora na donda lake. Hilo nalo ulilifikiria?"

Antoni hakuwa amelifikiria. Ilionekana usoni.

Saa saba Daktari Pradip alisikiliza yote akiwa amesimama. Hakumkatiza mtu. Walipomaliza alifungua daftari, akachovya kalamu.

"Tarehe," alisema.

Antoni alizitaja, mwezi na mwaka, alikuwa nazo zote kichwani. Daktari alifuta maneno manne, akaandika mengine manne juu yake. Alipofika namba thelathini, tone la wino likaanguka kwenye karatasi. Alilitazama lile tone jeusi. Hakulikausha.

"Miaka sita nimewaandikia watu Nairobi, Bombay, London," alisema. "Acheni mguu. Acheni mguu, kateni donda. Sijui wangapi wamenisikiliza."

"Aliye karibu ni mmoja," alisema Sajini. "Yuko chumba cha pili, na kaka yake anafunga ng'ombe."

Ng'washi alikuwa ameshajifunga khanga ya safari. Daktari alipiga magoti sakafuni, akamwomba radhi, akambonyeza kinenani kwa vidole viwili, upande huu na upande huu. Alibonyeza tena.

"Hakuna mtoki," alisema. "Bado." Kisha akamweleza, kwa maneno mafupi, wale wanne walikwenda wapi.

"Na mliowakata mguu?" aliuliza Ng'washi.

"Thelathini na tisa. Kumi walikuja wamechelewa, wamekufa. Ishirini na tisa wako hai."

"Nani aliwaona?"

Daktari aligeuka. Antoni alikuwa mlangoni, mikono nyuma.

"Mimi, mayu," alisema.

"Wewe uliyesema Kija wa Nansio anatembea."

"Mimi."

"Umedanganya kuhusu wanne. Sasa unataka nikupe mguu wangu kwa ajili ya ishirini na tisa. Kwa neno lako."

Nje ng'ombe mmoja alitikisa nira. Daktari alimtazama Sajini kama mtu anayezama anavyotazama ukingo.

"Usichukue neno lake," alisema Sajini. "Chukua wizi wake. Mayu, mtu huyu amekubali kwenda jela ili wafu wasipelekwe Ulaya. Aliwajua wote, kwa namba, hata wale aliowaficha. Ulimsikia mwenyewe akiwaomba radhi. Je, angemwacha maiti mmoja kabatini? Alizoacha ni ishirini na tisa. Njoo uzihesabu."

Ng'washi hakwenda kuzihesabu. Alikaa kitandani. Alichukua kikombe cha mbegu za maboga, akakitikisa, akakiweka.

"Wakinikata, nitapona?"

"Sijui," alisema Daktari Pradip. "Jana ningekwambia najua."

Ng'washi alimenya mbegu moja, akaitia kikombeni. Halafu akaita dirishani, akamwambia kaka yake awafungue ng'ombe akawanyweshe.

"Mguu wangu hautaingia kwenye chupa," alisema. "Hata kipande chake. Auzike huyu, kwa kuwa anajua. Auelekeze Bujora."

"Antoni ni wa bomani," alisema Sajini. "Nimempata na mali ya wizi."

"Nani atashika klorofomu ya kumlaza?" aliuliza daktari. "Sina mwingine anayejua kuidondosha. Ikizidi, mama hataamka."

Sajini alitazama saa yake, ile ya mfukoni iliyopasuka kioo. Ilikuwa saa nane na robo. Akamwambia Antoni kwamba amekamatwa tangu dakika ile, na kwamba atapelekwa bomani mayu akishaamka, si kabla. Antoni akaitikia ndiyo, akaenda kuleta visu alivyovichemsha asubuhi.

Amirali alikuwa amesinzia nyuma ya chupa zake za achari Sajini alipoingia tena.

"Umempata mwizi?"

"Nimempata. Nataka bafta."

"Nawe? Leso tena?"

"Hapana."

"Kiasi gani basi?"

Sajini Mhoja hakuwa na kipimo. Aliweka mguu wake wa kushoto juu ya gunia la mchele, akapandisha kanzu, akaonyesha kwa viganja viwili, kimoja kwenye goti, kingine kwenye kisigino. Amirali alitazama pale kati ya mikono miwili. Akafungua jora, akapima, akaongeza shubiri moja ya kukunjia, na akaichana ile nguo taratibu. Huko gatini meli ilipiga honi.